Diwani Isiyo na Rafu: Usomaji wa Ushairi wa Kiswahili kati ya Dzaleka na Lilongwe

Ikisiri

Makala hii inaeleza hali ya ushairi wa Kiswahili katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na sababu zinazoufanya usikike kwa urahisi jukwaani lakini uifikie kwa shida rafu ya duka la vitabu. Inajengwa juu ya historia ya fasihi ya Kiswahili na ya Malawi, sheria zinazowahusu wakimbizi, na sera za lugha za kikanda. Hoja yake ni kwamba pengo lililopo halitokani na uhaba wa vipaji wala wa wasemaji; linatokana na masafa mafupi kati ya kambi na mji mkuu, ambayo sheria imeyafanya kuwa marefu. Makala inahitimisha kwa mapendekezo kwa watunga sera wa Malawi na wa vyombo vya Kiswahili vya kikanda.

Utangulizi

Mshairi anaposimama katika duka la vitabu la mtaani na kusoma kutoka katika diwani yake mpya, mambo manne hutendeka kwa pamoja. Kwanza, shairi hutoka katika ukurasa na kurudi katika sauti. Pili, hadhira hupata nafasi ya kumuuliza mtunzi kuhusu neno, taswira au msimamo wake. Tatu, nakala hununuliwa, na fedha kidogo humfikia mtunzi, mchapishaji na muuzaji. Nne, diwani hubaki kwenye rafu baada ya mshairi kuondoka, ikimsubiri msomaji ambaye hakuwapo siku ile. Miongoni mwa hayo manne, la nne ndilo linaloelekea kusahauliwa, ingawa ndilo linaloyapa mengine maisha marefu.

Katika miji kadhaa ya Afrika Mashariki mambo hayo yana makao yake. Dar es Salaam ina Soma Book Café, Mikocheni, mahali ambapo vitabu na mazungumzo ya fasihi hukaa chini ya paa moja. Swali la makala hii ni hili: mambo hayo manne yana hali gani pale ambapo mshairi ni mkimbizi, lugha yake si lugha ya shule wala ya serikali ya nchi anamoishi, na mji wenye maduka ya vitabu uko karibu lakini hauendeki kwa hiari? Dzaleka ni mahali panapolijibu swali hili kwa uwazi.

Dzaleka: mahali na lugha

Dzaleka iko katika wilaya ya Dowa, kilometa zipatazo 40 kaskazini mwa Lilongwe. Kabla ya kuwa kambi ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wakati wa utawala wa Hastings Kamuzu Banda, na jina lake katika Chichewa hufasiriwa kuwa ni kauli ya mfungwa anayeapa kwamba hatarudia tena. Mwaka 1994, mwaka uleule ambao Malawi iliingia katika mfumo wa vyama vingi, serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) walipafanya mahali hapo kuwa makao ya wakimbizi. Eneo lililokusudiwa watu wasiozidi 12,000 hivi, leo linahifadhi zaidi ya 50,000. Walio wengi wametoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, pamoja na makundi madogo kutoka Ethiopia na Somalia.

Mchanganyiko huo umeifanya Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano ya kila siku kambini. Wakongo wa Kivu na Katanga wamekuja nacho kikiwa moja ya lugha nne za taifa katika nchi yao. Warundi wengi wamekipata Bujumbura au katika kambi za mkoa wa Kigoma, Tanzania. Uthibitisho wa nafasi hiyo umo katika majina. Tamasha la kambi linaitwa Tumaini, na taasisi inayoliandaa inaitwa Tumaini Letu. Redio ya jamii inaitwa Yetu. Shule moja ya msingi inaitwa Umoja Katubza. Neno la Chichewa la tumaini ni chiyembekezo, na waanzilishi wangeweza kulitumia, au kutumia neno la Kiingereza au la Kifaransa. Walichagua lile ambalo majirani wa mataifa mbalimbali wangelielewa bila mkalimani.

Kiswahili si mgeni wa jana nchini Malawi. Katika karne ya 19 Majumbe wa Nkhotakota waliendesha biashara na utawala kwenye ufuko wa ziwa, na katika eneo la Karonga walikuwapo wafanyabiashara wa Kiswahili hadi Mlozi aliposhindwa na Waingereza mwaka 1895. Hata hivyo, historia hiyo haikuacha taasisi. Mwaka 1968 utawala wa Banda uliifanya Chichewa kuwa lugha ya taifa, Kiingereza kikabaki lugha rasmi, na Sheria ya Elimu ya mwaka 2013 ikaagiza Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Mtoto wa Dzaleka anayecheza, anayenunua na anayeota kwa Kiswahili hufundishwa kusoma kwa lugha nyingine. Mshairi wa kambi kwa hiyo ana wasikilizaji wengi, lakini shule haimtengenezei wasomaji.

Kutoka kughani hadi kusoma: kazi ya kitabu

Mtu anaweza kudai kwamba hali hiyo si tatizo, kwa kuwa ushairi wa Kiswahili umeishi kwa sauti kabla ya kuishi kwa chapa. Dai hili lina ukweli wake. Mashairi yaliimbwa, yalighaniwa na kuhifadhiwa moyoni. Msikilizaji aliyeyapenda aliyabeba hadi mji mwingine. Lakini historia hiyohiyo inatuonyesha gharama ya kukitegemea kifua peke yake.

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilibaki katika vinywa vya watu hadi Mwalimu Sikujua alipozikusanya na kuzifafanua, akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor. Diwani yenyewe ilichapishwa mwaka 1940, huko Johannesburg, chini ya uhariri wa William Hichens. Kati ya kufa kwa mshairi na kupatikana kwa kitabu ilipita karne nzima. Tunachokisoma leo ni kile kilichookolewa. Kilichopotea hatuwezi kukihesabu. Na Mombasa ulikuwa mji wenye mitaa ya kudumu, ambamo mjukuu aliweza kurithi beti kwa babu katika nyumba ileile. Kambi haina urithi wa namna hiyo. Watu wake huhamishiwa nchi ya tatu, hurudi makwao, au huondoka usiku bila kuaga. Hadhira iliyolihifadhi shairi mwaka huu yaweza kuwa imetawanyika katika mabara matatu mwaka ujao.

Mfano wa pili unaonyesha upande mwingine wa kitabu. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya kuanzia mwishoni mwa mwaka 1968 hadi mwaka 1972 kwa sababu ya waraka wake wa kisiasa, na gerezani aliandika kwa siri kwenye karatasi za msalani. Mwaka 1973 mashairi hayo yalitoka Nairobi katika diwani ya *Sauti ya Dhiki*. Maneno yaliyoandikwa mahali ambapo mwandishi hakuruhusiwa kutoka yalitoka, yakasomwa shuleni na vyuoni, na yangali yanasomwa. Kitabu kilifanya safari ambayo mwili wa mtunzi ulikuwa umezuiwa kuifanya. Hiyo ndiyo kazi ambayo jukwaa haliwezi kuifanya, hata liwe kubwa kiasi gani.

Tumaini: Lilongwe inapoiendea Dzaleka

Jukwaa la Dzaleka ni kubwa kweli. Tamasha la Tumaini lilianzishwa mwaka 2014 na Trésor Nzengu Mpauni, mshairi na mwanamuziki kutoka Kongo anayejulikana zaidi kwa jina la Menes la Plume, yaani Menes wa kalamu. Yeye mwenyewe aliingia Malawi akiwa mkimbizi. Tamasha hilo hukusanya muziki, ngoma, maigizo na ushairi wa jukwaani wa wasanii wa kambi, wa Malawi na wa nchi nyingine, na huvuta maelfu ya watazamaji. Wageni wengine hulala katika nyumba za familia za wakimbizi, hula pamoja nao, na huwalipa kwa malazi hayo.

Maana ya mpango huu kifasihi haijatiliwa maanani inavyostahili. Kwa kawaida mshairi wa pembezoni huenda mjini kutafuta hadhira. Tumaini iligeuza mwelekeo: kwa kuwa mshairi haendi Lilongwe kwa hiari yake, Lilongwe inaletwa kwake. Mkazi wa mji mkuu anayeketi Dzaleka kusikiliza shairi la Kiswahili huenda asielewe kila neno, lakini hupata mahadhi, hushuhudia kicheko na kimya cha wanaoelewa, na huondoka akijua kwamba kambi ina watunzi.

Kati ya mambo manne yaliyotajwa katika utangulizi, tamasha hutimiza mawili ya kwanza vizuri sana: sauti na makutano. La tatu hutimia kwa sehemu, kwa kuwa fedha huingia kambini kupitia malazi, chakula na bidhaa za mikono. La nne ndilo gumu. Siku za tamasha zikiisha, jukwaa hubomolewa, na mgeni aliyeguswa na shairi hana hakika ya mahali pa kulitafuta tena. Redio Yetu husaidia, maana sauti yake huendelea mwaka mzima. Lakini matangazo nayo hupita kama upepo yasipohifadhiwa. Hili halipaswi kuhesabiwa kuwa kasoro ya tamasha. Ni kazi inayohitaji chombo kingine, na chombo hicho ni mnyororo wa kitabu: mhariri, mchapishaji, muuzaji na maktaba.

Sheria na safari ya mshairi

Mnyororo huo uko mjini, na hapa ndipo sheria inapoingia katika fasihi. Malawi ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 mwezi Desemba 1987, na ilipojiunga ilitangaza kwamba haitafungwa kikamilifu na vifungu kadhaa, vikiwamo vinavyohusu kazi ya mshahara, elimu ya umma na uhuru wa kutembea. Kuhusu kifungu cha 26, ilijiwekea haki ya kuwapangia wakimbizi mahali pa kuishi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1989 na sera ya kuwaweka wakimbizi kambini zimeujenga utaratibu wa leo. Mwaka 2023 serikali ilitekeleza agizo la kuwarudisha Dzaleka wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi. Kwa hiyo, anayetaka kwenda Lilongwe kusoma diwani yake kwa saa mbili anahitaji kibali, na anayetaka kuuza diwani hiyo kila wiki anakabiliwa na vikwazo vya biashara na makazi.

Kipo, hata hivyo, kifungu kimoja ambacho hakimo katika orodha ya vile ambavyo Malawi ilivitilia masharti: kifungu cha 14, kinachompa mkimbizi ulinzi wa haki zake za kifasihi na kisanaa sawa na ule wanaopewa raia wa nchi anamoishi. Kwa maneno mengine, sheria inalitambua shairi la mkimbizi kuwa mali yake, lakini inamzuia kulifuata shairi hilo sokoni. Kwa mshauri wa sera, hapa ndipo pa kuanzia. Hoja ya hakimiliki haihitaji Malawi ikubali wajibu mpya wa kimataifa. Inahitaji itekeleze ule ambao haikuukataa.

Malawi yenyewe inaijua thamani ya hoja hii kutokana na historia ya washairi wake. David Rubadiri, aliyekuwa balozi wa kwanza wa Malawi nchini Marekani, alitengana na Banda mwaka 1965 na akaenda uhamishoni. Makerere ilimpokea akawa mhadhiri, na mwaka 1971 yeye na David Cook walihariri mkusanyo wa mashairi ya Afrika Mashariki uliosomwa na kizazi kizima cha wanafunzi. Mkimbizi wa Malawi alipewa darasa na kalamu ya mhariri, na fasihi ya wenyeji wake ikanufaika. Kwa upande mwingine, Jack Mapanje alibaki nyumbani. Diwani yake ya *Of Chameleons and Gods* ya mwaka 1981 iliondolewa katika maduka ya vitabu na shule za Malawi mwaka 1985, na yeye akafungwa Mikuyu bila kushtakiwa kuanzia mwaka 1987 hadi mwaka 1991. Waliotoa amri ile walielewa vema kwamba kumnyamazisha mshairi huanzia rafuni.

Mazingira ya leo ni tofauti, na haitakuwa haki kuyalinganisha moja kwa moja. Serikali ya sasa haijapiga marufuku diwani za wakimbizi. Inatoa sababu za kiusalama na za kiuchumi kwa sera yake, na Malawi ni nchi yenye uwezo mdogo ambayo imewapokea watu wengi. Lakini kitabu kisichoweza kufika dukani kwa sababu mwenyewe haruhusiwi kukipeleka hakionekani, na kwa msomaji matokeo hayatofautiani sana.

Kiswahili kipi katika diwani?

Hata mlango wa Lilongwe ukifunguliwa, kizuizi kingine kimo ndani ya nyumba yetu wenyewe, wanataaluma wa Kiswahili. Mhariri aliyezoea Kiswahili sanifu anapopokea mswada kutoka Dzaleka hukutana na *batu* badala ya *watu*, *mutoto* badala ya *mtoto*, *banakuya* badala ya *wanakuja*. Mwelekeo wa haraka ni kusahihisha. Johannes Fabian ameonyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyokua katika historia ya ukoloni na migodi kikiwa na kanuni zake. Kukiona kuwa ni makosa tu ni kukosa kuisoma historia hiyo.

Kwa ushairi, suala hili lina upande wa kiufundi. Tukihesabu mizani, *mtoto* na *mutoto* zote zina silabi tatu, maana *m* ya mwanzo ni silabi kamili. *Wanakuja* na *banakuya* zote zina nne. Usahihishaji kwa hiyo unaweza kupita bila kuharibu mizani, na mhariri akadhani hajaharibu kitu. Lakini vina haviponi. Ubeti uliojengwa juu ya kina cha *-ya* huvunjika pale *banakuya* inapogeuzwa kuwa *wanakuja*. Katika ushairi wa jukwaani usiofuata mizani, kinachopotea ni utambulisho wa sauti ya msemaji: hadhira hujua kama anayezungumza ni mwanafunzi wa Bukavu, mchuuzi wa Lubumbashi au Mrundi aliyekulia Kigoma kwa jinsi anavyotamka maneno yaleyale. Uhariri unaofaa ni ule unaosawazisha tahajia, ukaongeza faharasa fupi mwishoni mwa diwani, na kuuacha mtindo wa mtunzi ukae. Fasihi ya Kiswahili imekwisha kuyazoea haya kwa Kimvita, Kiamu na Kiunguja. Haina sababu ya kuyakataa kwa Kiswahili cha Kongo.

Mapendekezo

Mwezi Agosti 2019, katika mkutano wake wa Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC) ilikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Malawi ni mwanachama. Mwezi Julai 2023, katika ziara ya Rais Samia Suluhu Hassan nchini humo, ufundishaji wa Kiswahili ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyozungumzwa. Itakuwa ajabu nchi kutafuta walimu na vitabu vya Kiswahili ng'ambo ya mpaka ilhali maelfu ya wasemaji, wakiwamo walimu na watunzi, wanaishi mwendo wa saa moja kutoka wizarani. Kutokana na uchambuzi huu, makala inapendekeza yafuatayo.

Kwanza, mamlaka za wakimbizi ziweke utaratibu mahususi na mwepesi wa vibali kwa shughuli za fasihi na utamaduni, ili mwandishi aliyealikwa na duka la vitabu, shule au chuo cha Lilongwe aweze kwenda, kusoma na kuuza nakala zake. Utaratibu huo hauhitaji kubadili sera nzima ya makazi.

Pili, Huduma ya Maktaba ya Taifa ianzishe rafu ya Kiswahili katika makao yake Lilongwe, na diwani zinazochapishwa nchini kwa Kiswahili ziwekwe katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Zomba, kama machapisho mengine. Nakala moja iliyohifadhiwa inatosha kumrejeshea mtafiti wa miaka 100 ijayo kile ambacho watafiti wa Muyaka walilazimika kukikusanya vinywani.

Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na mabaraza ya Kiswahili ya Tanzania na Zanzibar yawahesabu wasemaji walioko nje ya nchi wanachama. Takwimu na mipango yetu hufuata mipaka ya dola, na kwa sababu hiyo Dzaleka haionekani: wakazi wake si raia wa Malawi, na wametoka katika eneo la Afrika Mashariki. Warsha za uhariri wa miswada kambini zingekuwa mwanzo mzuri.

Nne, tuzo za fasihi ya Kiswahili, kama ile iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, zitangazwe kambini kupitia redio ya jamii. Tuzo inayoambatana na uchapishaji humpa mtunzi kitu ambacho jukwaa haliwezi kumpa.

Tano, Malawi inapoandaa ufundishaji wa Kiswahili, izingatie kuwaajiri walimu waliomo kambini, hata kwa mikataba ya muda. Mwanafunzi wa leo ndiye mnunuzi wa diwani wa kesho. Bila yeye duka la vitabu litaweka kitabu cha Kiswahili kwa huruma tu, na huruma haidumishi biashara.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba Dzaleka ina lugha, watunzi, hadhira na jukwaa. Kinachokosekana ni njia ya kulitoa shairi jukwaani na kulifikisha rafuni, na njia hiyo imezibwa kwa vibali vinavyokosekana, shule zisizofundisha lugha ya watoto wake, wahariri wanaosahihisha kupita kiasi, na takwimu za Kiswahili zinazoishia mpakani. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachohitaji fedha nyingi kuliko uamuzi. Usomaji wa diwani katika duka la vitabu la Lilongwe ni tukio dogo: viti vichache, meza, rundo la nakala. Likiwezekana kwa mshairi wa Dzaleka, litakuwa kipimo cha kama hadhi mpya ya Kiswahili katika kanda yetu inawafikia wale wanaokizungumza, au inaishia katika maazimio ya mikutano.